Uzoefu wangu: Siku ya Mashujaa Naliendele, simama upande wa walinzi wa mnara

Kama uko Mtwara tarehe 25 Julai, acha shughuli za asubuhi uende Naliendele kwenye makaburi ya mashujaa. Usafiri hausumbui: unashika barabara ya Newala, bodaboda na bajaji zinafika, na mjini si mbali. Vaa kofia. Upepo wa kusi wa mwezi huo unadanganya. Unahisi ubaridi huku jua linakuchoma shingo.

Wengi wetu tukisikia mashujaa, akili inakwenda Kagera, makaburi ya Kaboya kule Muleba na vita ya Iddi Amin ya 1978 na 1979. Naliendele ni habari ya upande wetu wa mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Hapa wamelala wanajeshi wa JWTZ waliokufa kwa ajili ya Msumbiji: wakati wa kupigania uhuru uliopatikana 25 Juni 1975, na tena kuanzia 1986 hadi 1988, jeshi letu lilipokwenda kuisaidia serikali ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, dhidi ya waasi wa RENAMO. Vita ile ya kwanza haikuwa ngeni kwa watu wa kusini. Wapiganaji wa FRELIMO walifundishwa Nachingwea, hapo jirani mkoani Lindi, na wakimbizi walivuka mto wakaishi na ndugu zao wa Kimakonde huku.

Sasa sherehe yenyewe. Gwaride la maombolezo lilikuwa safi, bendi ilikuwa nzuri, na kuna uwekaji wa silaha za asili kwenye mnara: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka, halafu shada la maua. Hayo utayaona hata kwenye televisheni. Kilichonishika mimi ni walinzi wa mnara.

Walikuwa askari wanne, mmoja kila pembe, wameupa mnara mgongo. Vichwa vimeinama, bunduki zimegeuzwa mtutu chini, viganja vimelala juu ya kitako. Aliyekuwa karibu nami alikuwa kijana mdogo kabisa. Inzi alimtua shavuni, akapanda taratibu hadi pembeni mwa jicho, akakaa hapo. Kijana hakupepesa. Nilijikuta nimebana pumzi kwa niaba yake.

Ulipofika wakati wa kupokezana lindo, wanne wengine walikuja kwa mwendo wa pole, ule ambao mguu unasubiri hewani kidogo kabla ya kugusa ardhi. Sikusikia amri ya kupayuka. Kila mmoja alikwenda kusimama ubavuni mwa mwenzake, akageuza bunduki, akainamisha kichwa. Kwa muda mfupi mnara ulikuwa na walinzi wanane. Hapo ndipo wale wa kwanza wakainua vichwa, wakapiga hatua moja mbele na kuondoka. Yaani wa zamani hatoki mpaka mpya awe ameshalishika lindo, ili marehemu wasiachwe peke yao hata kidogo. Mimi nimezaliwa Mtwara hii hii na sijaona heshima inayosema mengi kiasi hicho bila mtu kufungua mdomo.

Tarumbeta ilipolia na watu wote wakasimama kimya, bibi mmoja aliyevaa kanga mbili alikuwa amenishika mkono. Nilikuwa nimemwamkia tu, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," na hakuniachia tena. Shughuli ilipokwisha akaniambia, "Twende ukanisomee majina, macho yangu hayaoni." Tukapita kaburi hadi kaburi, nasoma jina na cheo, yeye anaitikia "mm" na kusogea. Penye jina la kaka yake hakusema kitu. Alichuma majani yaliyoota pembeni, akapangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akaniambia tuendelee na waliobaki, maana nao wana dada zao.

Ningetoa nyota tano, natoa nne, na sababu ni moja. Vipaza sauti havikufika nyuma, na mshereheshaji alitumia muda mwingi kutambulisha wageni kuliko kueleza waliolala pale ni akina nani na walikufa katika vita gani. Karibu nami kulikuwa na wanafunzi wa sekondari wenye sare zao, wametulia vizuri tu, lakini mmoja aliniuliza kama hawa ni wa vita ya Mjerumani. Si kosa lake. Dakika tano za maelezo kabla ya gwaride zingetosha, na wazee wa jeshi waliokaa kwenye hema na nishani zao wangeweza kuyatoa vizuri kuliko mtu yeyote.

Ukienda, fika mapema, usikimbilie kukaa mkabala na jukwaa la viongozi. Tafuta upande unaouona mnara wazi, hata kama ni kwa kusimama. Simu iweke kimya kabla ya tarumbeta. Na msafara wa mgeni rasmi ukiondoka usiondoke nao kama walivyofanya wengi. Ndipo familia zinapoingia makaburini, na kuna wazee watakaohitaji mtu wa kuwasomea majina.