Monita ya Kasi kwa Gemu za Zamani: Ipi Ununue, Ipi Uache

Ukinunua monita ya 240Hz, yaani inayochora picha mara 240 kwa sekunde, kwa ajili ya gemu za zamani, muda mwingi utakuwa ukiitaka iende polepole. Boksi halitakuambia hilo, na ndilo lililonifanya nipange nafasi za hapa chini nilivyozipanga. Sikuangalia nani ana namba kubwa. Niliangalia nani anajua kushuka hadi fremu (picha moja moja za gemu) 60, 35 au 25 kwa sekunde bila kuchafua picha.

Sababu iko ndani ya gemu zenyewe. Nyingi zilifungwa saa yake kwenye fremu: fremu moja, hatua moja ya fizikia. Skyrim ya 2011 ndiyo maarufu kuliko zote kwa hili. Ikiachiwa kupita fremu 60, hesabu za fizikia huvurugika, ule mkokoteni wa mwanzo wa hadithi huanza kurukaruka njiani, na vyombo vya mezani hutawanyika mtu akiingia tu chumbani. Katika Dark Souls II ya kompyuta, silaha kwa fremu 60 zilikuwa zikichakaa haraka mara mbili kuliko kwa fremu 30. Zima kidhibiti cha fremu cha Grand Theft Auto: San Andreas na hata kuogelea kunaharibika. Upande wa pili yuko Quake III Arena, ambaye fremu 125 kwa sekunde zilimwezesha mchezaji kuruka juu kidogo zaidi kwa sababu ya jinsi injini ilivyokadiria namba, na wachezaji wakaifanya 125 kuwa desturi.

Kuna kundi lingine lisilovunjika kwa sababu saa yake inajitegemea. Doom ya 1993 hupiga hatua 35 kwa sekunde, Diablo II ya 2000 hupiga 25. Ziweke kwenye monita ya 240Hz, hazitakimbia. Zitarudia tu picha ileile mara kadhaa. Tatizo liko kwenye huko kurudia. Chukua gemu ya fremu 60 kwenye monita ya 144Hz iliyoachwa kwenye kasi yake ya juu. Namba 144 haigawanyiki kwa 60, kwa hiyo picha moja inakaa mizunguko miwili, yaani milisekunde 13.9, na nyingine mizunguko mitatu, milisekunde 20.8. Ukisogeza ramani unaona inakwenda kwa kuchechemea, ingawa kihesabu fremu 60 zako zimetimia. Kwenye 120Hz kila picha inakaa mizunguko miwili, kwenye 240Hz minne, na mwendo unatulia.

Dawa ya pili ni kasi inayobadilika, ile inayouzwa kwa majina ya FreeSync na G-Sync, ambapo monita inaisubiri kadi ya picha badala ya kukimbia peke yake. Hapa soma masafa, yaani kasi ya chini na ya juu ambazo monita inaweza kubadilika kati yake, usisome jina. Monita nyingi huanzia 48Hz. Gemu ikishuka chini ya hapo, kila fremu huonyeshwa mara mbili au zaidi ili namba irudi ndani ya masafa, lakini hilo linawezekana tu kama kasi ya juu ni angalau mara mbili ya ile ya chini. Ndiyo maana monita ya 75Hz yenye masafa ya 48 hadi 75 naitoa kabisa kwenye orodha hii: haiwezi kurudia fremu, na 75 haigawanyiki kwa 60 wala kwa 35. Kwenye 144Hz yenye masafa mazuri, Doom na fremu zake 35 itaonyeshwa kwa 70Hz, kila picha mara mbili. Hivyo hivyo ndivyo ilivyoonekana mwaka 1993 kwenye VGA, mfumo wa picha wa kompyuta za wakati ule, uliokuwa ukichora mara 70 kwa sekunde. Kila nikilifikiria hilo nafurahi.

Nafasi ya kwanza: 1440p, IPS, 240Hz, yenye kasi inayobadilika

IPS ni aina ya paneli ya LCD, ile inayomulikwa kwa taa ya nyuma. Ningekuwa na nafasi moja tu ya kununua, ningenunua hii, na sababu kubwa ni ule urefu wa pikseli 1440 kuliko hata kasi yenyewe. Gemu kama StarCraft ya 1998 ilichorwa kwa 640 kwa 480. Zidisha 480 mara tatu, unapata 1440 kamili. Kila pikseli ya zamani inakuwa mraba wa pikseli tatu kwa tatu, picha inajaza kioo kutoka juu hadi chini, na pembeni zinabaki pau nyeusi zinazolinda umbo la 4:3. Picha za pikseli 240 zinazidishwa mara sita, za 720 mara mbili. Za 800 kwa 600 zinazidishwa mara mbili na kuacha ukanda mweusi wa pikseli 120 juu na mwingine chini, jambo ninalolivumilia bila shida. Chaguo la kuzidisha kwa namba kamili lilianza kuingia kwenye madereva (programu zinazoendesha kadi za picha) ya NVIDIA, AMD na Intel mwaka 2019. Kwa NVIDIA linahitaji kadi ya kizazi cha Turing au kipya zaidi. Bila chaguo hilo, picha hutandazwa kwa kukadiria na kingo zake hufifia kama zimepakwa mafuta.

Kasi ya 240 nayo inagawanyika kwa 60, 48, 40 na 30. Kwa Diablo II, ishushe hadi 100Hz au 200Hz. Ukikuta ya 180Hz kwa pesa pungufu, ichukue bila kusita, maana kwa fremu 60 na 30 kazi ni ileile.

Nafasi ya pili: OLED

Hii ni paneli ambayo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe. Kwa ubora wa picha peke yake, ingekuwa juu. Pikseli zake hubadilika kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde, iwe kwenye 60Hz au 240Hz, kwa hiyo hakuna mikia nyuma ya vitu vinavyosogea, na weusi wake ni weusi kweli. Lakini angalia unacheza nini. Gemu za mikakati zina pau ya amri isiyosogea chini ya kioo saa nzima, jioni baada ya jioni, na alama ya aina hiyo inaweza kubaki kwenye paneli moja kwa moja. Pia, kasi inayobadilika ikiwa imewashwa na fremu zinapanda na kushuka, sehemu zenye giza huweza kumetameta. Kama unacheza zaidi gemu za kutisha au za kuzunguka kwenye mapango, igeuze orodha yangu na uianze hapa.

Nafasi ya tatu: 4K ya 120Hz au zaidi

Yenye pikseli 2160 kutoka juu hadi chini, inazifaa gemu za kati ya 2005 na 2013 hivi. Kadi ya leo inazibeba kwa 4K bila jasho, na zile zinazoishia 1080p zinazidishwa mara mbili kamili. Hata 1024 kwa 768 inaingia mara mbili. Kasoro iko kwenye maandishi: gemu nyingi za wakati huo hazikukuza menyu zake, na kwa 4K herufi zinakuwa kama sisimizi. Kama ni ya 144Hz, iweke 120Hz na uiache hapo.

Nafasi ya nne: 1080p, IPS, 144Hz au 165Hz

Wengi wataishia hapa kwa sababu ya mfuko, na hawatajuta. Iweke 120Hz. Gemu ya pikseli 480 itazidishwa mara mbili na kuacha pikseli 60 juu na 60 chini.

Zinazobaki nazitaja kwa ufupi. Paneli za VA, aina nyingine ya LCD, zina weusi mzuri, ila nyingi huburuta kivuli pale rangi nyeusi inaposogea, na gemu za miaka ya tisini zimejaa korido za giza. Monita pana za 21:9 hazina faida kwa picha ya 4:3. Theluthi ya kioo na zaidi itakuwa nyeusi. Za 360Hz kwenda juu, hata zinapogawanyika vizuri kwa 60, unalipia kasi ambayo gemu hizi haziwezi kuitumia. Monita ya zamani ya mrija bado ina mwendo safi wa ajabu kwenye fremu 60, kwa kuwa kila picha humulika kidogo kisha huzimika badala ya kukaa machoni. Anayeipata ikiwa nzima na ana meza pana aitunze, ila siwezi kumshauri mtu aitafute kama monita yake pekee.

Vyovyote utakavyochagua, usiiachie gemu iamue kasi. Baadhi hujifunga kwenye 60Hz, nyingine huchukua kasi ya juu kabisa iliyopo na kuvunjika. Weka kikomo cha fremu kwa programu ya RivaTuner Statistics Server au ndani ya dereva ya kadi. Kwa gemu za DirectDraw au Glide, njia za zamani za kuchora picha, programu ya dgVoodoo2 huzitafsiri kwenda Direct3D ya kisasa, na hapo ndipo kasi inayobadilika hupata nafasi ya kufanya kazi.

Monita ikifika, ijaribu mapema wakati bado una haki ya kuirudisha. Iweke 60Hz, fungua gemu yenye ramani ya kusogeza, na utazame kingo za majengo zikipita. Ukiona mwanga mweupe au kivuli cha rangi kinyume kinafuata nyuma, ile kazi ya kuharakisha pikseli kwenye menyu ya monita imepangwa kwa kasi ya juu na inazidisha nguvu kwenye kasi ya chini. Ipunguze ngazi moja, utazame tena, kisha nyingine. Kama ngazi zote zinaacha ama mwanga ama mkia, ifunge kwenye boksi lake uirudishe.