Kizibao cha uzito kwa ajili ya CPAT: ununue kipi, na kitakuangusha wapi

CPAT, mtihani wa nguvu wanaopewa waombaji wa kazi ya zimamoto Marekani na Kanada, una vituo 8 mfululizo vya kumaliza ndani ya dakika 10 na sekunde 20. Hakuna alama, unafaulu au unafeli. Muda wote huo umebeba kizibao cha ratili 50, karibu kilo 22.7, badala ya mavazi ya moto na mtungi wa hewa.

Kwa hiyo kizibao kinachoishia kilo 10 kiache dukani. Tafuta chenye mifuko ya vipande vya chuma, kinachofika kilo 23. Vya mchanga ni bei nafuu, lakini vimevimba, uzito unahamahama, na baada ya muda mshono unaachia na kumwaga mchanga. Kagua mikanda ya ubavuni: kizibao kilicholegea kinaruka kila hatua na kuchubua mabega, kilichobana sana kinazuia kifua kupanuka. Vuta pumzi hadi mwisho. Kiganja bado kipite chini ya mkanda.

Kasoro yake kubwa iko kituo cha kwanza, mashine ya ngazi. Hapo mabegani huongezwa ratili 12.5 kila upande, jumla 75, yaani kilo 34. Shona vifuko viwili vya mchanga vya kilo 5.7 na uvifunge juu ya kizibao. Kushika vyuma mkononi hakusaidii: vidole vinachoka kabla ya miguu.

Mwendo ni hatua 50 kwa dakika kwa sekunde 20 za kupasha mwili, kisha 60 kwa dakika 3 kamili. Hatua moja kila sekunde. Saa ya ukutani inatosha. Anza bila uzito kwa dakika 5, uongeze kilo 3 hivi kwa wiki, na usishike reli. Anayeegemea reli jimu anaipa mikono kazi ya mapaja, na siku ya mtihani kosa la tatu la kuishika linamtoa. Ukitumia ngazi za ghorofa, panda kwa miguu, shuka kwa lifti. Magoti huumia zaidi kwenye kushuka.

Vituo vingine kizibao peke yake hakivifundishi. Kuburuta sanamu la ratili 165, futi 35 kwenda na 35 kurudi, kunataka nyonga ziwe chini na hatua fupi. Jizoeze kwa gunia lililofungwa kamba. Mwishoni kuna dari ya kusukuma na kuvuta kwa mti mrefu: sukuma mara 3, vuta mara 5, mizunguko minne, mabega yakiwa yameshachoka.

Tunakipendekeza cha chuma, ila usikilipie kwanza. Taasisi zenye leseni ya kuendesha mtihani huu huwapa watahiniwa angalau vipindi viwili vya kuzoea vifaa vyenyewe ndani ya wiki 8 kabla ya mtihani. Nenda, uvae cha kwao, ndipo uende dukani.