Feni za Arctic P12 PWM PST kwenye kompyuta ya bei nafuu: nusu ya thamani yake iko kwenye mpangilio

Kompyuta nyingi za mezani zilizoundwa kwa bajeti ndogo hupiga kelele, na sababu yake si uchache wa feni, bali ni kwamba hakuna kitu kinachoziongoza feni hizo. Katika keisi nyingi za bei ya chini zinazouzwa madukani Dar es Salaam na Nairobi, feni tatu au nne zenye taa za rangi huwa zimeshafungwa tangu kiwandani, na nyaya zake huchomekwa moja kwa moja kwenye pawasapulai kwa plagi pana ya Molex, hivyo hupokea volti 12 tangu kompyuta inapowashwa hadi inapozimwa. Mtumiaji akiandika barua au akicheza mchezo mzito, mwendo ni uleule, kelele ni ileile, na vumbi huvutwa ndani kwa nguvu ileile. Mnunuzi huvutiwa na idadi ya feni na uzuri wa taa, ilhali swali analopaswa kuliuliza kwanza ni kama feni hizo zinaweza kupunguzwa na kuongezwa mwendo.

Feni ninazozitathmini hapa ni Arctic P12 PWM PST, za milimita 120, zinazotengenezwa na kampuni ya Arctic yenye makao yake Braunschweig nchini Ujerumani. Nimezifunga kwenye kompyuta ya kawaida kabisa, yenye prosesa ya Ryzen 5 5500, kadi ya grafiki ya Radeon RX 6600, na ubao mama (bodi kuu inayounganisha vipande vyote) wa A520 wenye soketi moja tu ya feni za keisi mbali na ile ya prosesa. Kompyuta hiyo hukaa katika chumba kisicho na kiyoyozi jijini Dar es Salaam, ambako mwezi Februari joto la mchana hufika nyuzi 32 za Selsiasi. Nayataja mazingira haya kwa sababu tathmini nyingi za feni hufanyika katika vyumba vya baridi, na matokeo yake hayahamishiki moja kwa moja hadi pwani yetu.

Kwanza niseme neno kuhusu bei, kwa kuwa hapo ndipo sifa ya feni hizi ilipoanzia. Arctic huziuza moja moja na pia katika kifurushi cha feni tano, na katika masoko ya Ulaya na Marekani bei ya kifurushi hicho hukaribia bei ya feni moja tu ya kampuni ya Noctua, modeli NF-A12x25, ambayo wapenzi wa kompyuta tulivu huihesabu miongoni mwa zilizo bora kuliko zote. Siwezi kudai kwamba P12 inalingana na Noctua hiyo kwa ulaini wa sauti. Ninachodai ni kwamba kwa mtu ambaye bado anahesabu kila shilingi, tofauti iliyopo kati ya feni hizo mbili ni ndogo sana ikilinganishwa na tofauti iliyopo kati ya feni yoyote inayoongozwa na feni isiyoongozwa.

Feni inayoongozwa kwa njia ya PWM ina pini nne. Ya kwanza ni ya ardhi, ya pili huleta volti 12, ya tatu hurudisha kwa ubao mama taarifa ya mwendo kwa kutoa mapigo mawili katika kila mzunguko, na ya nne hupeleka amri. Amri hiyo ni mawimbi ya umeme yanayowaka na kuzimika mara 25,000 kwa sekunde, na urefu wa muda wa kuwaka ndio unaoiambia feni izunguke kwa asilimia ngapi ya uwezo wake. Volti haipunguzwi, mota hupata umeme wake kamili na saketi iliyo ndani ya feni ndiyo inayotekeleza amri. Kwa sababu hiyo P12 huweza kushuka hadi mizunguko 200 kwa dakika bila kukwama, kisha kupanda hadi 1,800, na amri ikishuka chini ya asilimia 5 husimama kabisa. Feni ya pini tatu hupunguzwa mwendo kwa kupunguziwa volti, na ikishushwa mno hufika mahali inashindwa kuanza kuzunguka.

Hizo herufi PST, kifupi cha PWM Sharing Technology, yaani teknolojia ya kugawana amri ya PWM, ndizo zinazoifanya feni hii ifae kwa ubao mama wa bei nafuu. Ukiitazama plagi yake kwa karibu utaona kwamba waya unaoishia kwenye ubao mama umeongezewa tawi lenye soketi nyingine, ambamo unachomeka feni ya pili, na kwenye tawi la feni ya pili unachomeka ya tatu. Soketi moja ya feni za keisi, ambayo kwenye ubao mama huandikwa SYS_FAN, hutosha kuziongoza feni zote, wala huhitaji kununua kigawanyio wala kisanduku cha kuongozea feni. Umeme si tatizo, kwa kuwa soketi ya kawaida ya ubao mama huhimili ampea 1, na feni hizi kila moja hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Jambo la kukumbuka ni kwamba mwendo unaosomeka kwenye skrini ni wa feni moja tu, ile iliyochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Nyingine zikisimama kwa hitilafu, hakuna onyo litakalotokea, hivyo inafaa kuzitazama kwa macho mara kwa mara.

Mnunuzi awe mwangalifu dukani, kwa sababu majina ya familia hii yanafanana mno. P12 tupu, isiyo na neno jingine baada yake, ni ya pini tatu. P12 Silent nayo huishia mizunguko 1,050. P12 PWM bila PST haina tawi la waya nililolieleza. P12 Max hufika mizunguko 3,300, kasi ambayo keisi ya nyumbani haiihitaji. Ile yenye herufi CO mwishoni ina beringi za gololi na imekusudiwa kwa mashine zinazofanya kazi saa 24. Mwambie muuzaji akuoneshe plagi yenyewe, uzihesabu pini na ulione tawi, kabla hujatoa fedha.

Ufungaji wake ni kazi ya bisibisi moja. Nimeweka feni mbili mbele zikiingiza hewa na moja nyuma ikiitoa, na ninapendekeza mpangilio huu kwa keisi ndogo yoyote, kwa kuwa hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi haliingii kwa kunyonywa kupitia kila upenyo usio na kichujio. Upande wa feni wenye mikono minne ya plastiki inayoishikilia mota ndio unaotoa hewa. Fundi akikuambia amemaliza, chukua kipande cha karatasi ya tishu ukiweke mbele ya keisi: kikinata kwenye wavu, hewa inaingia, kikipeperuka kuja kwako, feni imegeuzwa. Skrubu zikazwe kwa kiasi tu, maana plastiki ya fremu ikivutwa kwa nguvu kwenye bati lililopinda kidogo, na bati la keisi rahisi karibu kila mara limepinda, mtikisiko wa feni huhamia kwenye keisi nzima.

Baada ya hapo ndipo inapokuja sehemu ambayo mafundi wengi huiruka, na bila hiyo fedha zilizotumika hazionekani. Ukiwasha kompyuta, ingia kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio iliyo ndani ya ubao mama, na utafute ukurasa wa feni, ambao ASUS huuita Q-Fan, Gigabyte Smart Fan, na ASRock Fan-Tastic Tuning. Soketi ya SYS_FAN huweza kufanya kazi kwa njia mbili, yaani PWM au DC (kuongoza kwa kupunguza volti), na katika bao mama nyingi njia hiyo huachwa kwenye uchaguzi wa kiotomatiki, ambao si mara zote hukisia sawasawa. Chagua PWM kwa mkono wako. Feni ya pini nne ikiachwa kwenye DC hupunguziwa volti na mwendo wake wa chini huwa hautabiriki. Feni ya pini tatu ikiwekwa kwenye PWM huzunguka kwa kasi yote bila kujali amri. Kuthibitisha ni rahisi: weka asilimia 30, subiri kidogo, soma idadi ya mizunguko, kisha weka asilimia 100 na usome tena. Namba zikibaki palepale, njia iliyochaguliwa si sahihi.

Mpangilio wa kiwandani wa bao mama nyingi huziunganisha feni za keisi na joto la prosesa, na kwa Ryzen jambo hili huudhi. Prosesa hizi huruka nyuzi 10 au zaidi kwa sekunde moja unapofungua tu ukurasa wa intaneti, kisha hushuka tena, na feni zilizoamriwa kufuata kila mruko hupanda na kushuka kama mtu anayehema. Sikio huvumilia sauti ndogo isiyobadilika, lakini sauti inayobadilika kila dakika huchosha akili. Tiba yake iko kwenye ukurasa huohuo wa BIOS: muda wa kusubiri kabla ya feni kubadilisha mwendo uongezwe hadi kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na mstari wa mwendo, yaani mchoro unaoonesha feni izunguke kwa asilimia ngapi katika kila joto, usianze kupanda mapema. Kwangu feni hubaki kwenye asilimia 30 hadi prosesa inapofika nyuzi 60, hupanda taratibu hadi asilimia 55 kwenye nyuzi 75, na hufika asilimia 100 kwenye nyuzi 85, ikiwa ni chini ya kikomo cha nyuzi 90 kilichowekwa na mtengenezaji wake, AMD, kwa prosesa hii.

Namba hizo zimezingatia joto la Dar es Salaam. Anayeishi mahali ambapo chumba kina nyuzi 20 huweza kuanza kupandisha feni kwenye nyuzi 45 na bado akakaa kimya, kwa sababu prosesa yake ikiwa haina kazi haifiki hapo. Hapa kwetu hewa inayoingia tayari ina nyuzi 31 au 32, na hakuna feni yoyote duniani inayoweza kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayoipuliza. Ukinakili mstari wa mtu wa Ujerumani, feni zako zitakimbia mchana kutwa zikifukuza joto lisilofukuzika. Yule wa Arusha au Nairobi anaweza kuishusha mianzo hii kwa nyuzi tano hivi na akapata matokeo mazuri.

Kuna upungufu mmoja ambao BIOS haiwezi kuuondoa. Katika michezo, chanzo kikubwa cha joto ndani ya keisi yangu si prosesa bali ni RX 6600, ambayo kwa vipimo vya AMD hutumia hadi wati 132, mara mbili ya wati 65 zilizotajwa kwa prosesa, na bao mama za kawaida haziisomi sensa ya kadi ya grafiki. Kwenye Windows nimetumia FanControl, programu ya bure inayoweza kusoma joto la prosesa na la kadi kwa pamoja na kuziamuru feni zifuate lile linalodai mwendo mkubwa zaidi. Kwenye Linux, kifurushi cha lm-sensors pamoja na pwmconfig na fancontrol huwezesha uongozi wa aina hiyohiyo, ingawa huhitaji uvumilivu na hutegemea kama chipu ya ubao mama inatambulika. Tangu feni za keisi zianze kuifuata kadi, feni za kadi yenyewe zimetulia, kwa sababu hewa ya moto haikai tena chini yake ikizunguka palepale.

Kuhusu sauti, hesabu ya feni inamnufaisha mtu mwenye subira. Ukipunguza mwendo kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takribani desibeli 15 na nguvu inayohitajika hushuka hadi thumuni. Hivyo feni tatu zinazozunguka polepole hushinda feni moja inayokimbia. Kwenye asilimia 30 P12 tatu sizisikii pale feni ya dari inapozunguka. Kwenye asilimia 60 nasikia upepo tu. Kwenye asilimia 100 zina kelele ya wazi, nami sina sababu ya kuzifikisha huko isipokuwa katika majaribio. Kila keisi huwa na mwendo fulani ambapo bati lake huitikia mtikisiko wa feni na kutoa mngurumo. Pandisha mwendo polepole kwenye BIOS, usikilize unapoanza na unapokoma, kisha uchore mstari wako uvuke eneo hilo haraka badala ya kutua ndani yake.

Taa hazipo, na nyaya zake ni nyembamba, nyeusi, zisizofunikwa kwa kitambaa. Kwa anayependa keisi ing'ae, hilo litakuwa pungufu la kweli. Arctic ina matoleo mengine yenye taa, kwa bei ya juu zaidi.

Hata hivyo, sizipendekezi kwa kila mtu. Kompyuta za ofisi zilizotumika za Dell na HP, ambazo kwa wengi wetu ndiyo njia rahisi kabisa ya kupata mashine nzuri, mara nyingi huwa na soketi za feni za mpangilio wa watengenezaji wenyewe, na mashine huonesha onyo kila inapowashwa pale isipoiona feni iliyoizoea. Mwenye mashine ya aina hiyo aifungue kwanza, azihesabu pini za soketi, na atafute adapta inayotajwa kwa jina la modeli yake. Asipoipata, ni heri aisafishe feni iliyopo na kubadilisha grisi ya prosesa. Na mwenye kompyuta yoyote ya pwani asafishe vichujio vya mbele kila mwezi, kwa brashi laini na kompyuta ikiwa imezimwa, huku akizizuia panga za feni kwa kidole ikiwa anatumia kipulizio, kwa kuwa feni inayozungushwa na upepo wa nje huzalisha umeme na huweza kuurudisha kwenye ubao mama.