TAHADHARI: Unga wa "kushusha asidi" unaouzwa Ngamiani, Tanga

Ndugu zangu wa Tanga, hasa mnaouguza wazee wenye jongo, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita gauti, nawaomba mjihadhari na muuzaji anayezunguka mitaa ya Ngamiani na pembezoni mwa soko la Mgandini akinadi unga wa mitishamba anaodai kuwa unashusha asidi ya yuriki, ile inayozidi kwenye damu na kuleta jongo, kwa usiku mmoja.

Mjomba wangu aliununua kwa shilingi 45,000, baada ya kuhakikishiwa kwamba ni mizizi mitupu na kushauriwa aachane na alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo aliyoandikiwa hospitali. Asubuhi ya pili, kidole gumba cha mguu, ambacho wiki nzima hakikustahimili hata kuguswa na shuka, kilikuwa kimenywea, naye akatembea mwenyewe hadi msikitini. Nyumba nzima tulimwombea dua muuzaji yule na, nakiri, mimi ndiye niliyeagiza chupa ya pili.

Kufikia wiki ya sita mashavu yalikuwa yamemvimba, sukari imempanda ilhali hakuwahi kuwa na kisukari, na kipimo cha asidi ya yuriki kwenye damu kilichosoma miligramu 9.2 kwa desilita kabla ya unga sasa kilisoma 9.4, wakati mgonjwa wa jongo anayetibiwa hutakiwa awe chini ya 6. Maumivu yaliondoka, asidi haikutikisika. Daktari alishuku kwamba unga umechanganywa na vidonge vya steroidi vilivyosagwa, kwa kuwa steroidi hutuliza uvimbe upesi lakini haziondoi asidi inayoganda kuwa fuwele kwenye viungo. Nilipoumwaga kwenye sahani niliona, katikati ya ule ukijani, vipande vyeupe vyenye ukingo laini wa mviringo, na sijui mzizi gani ukitwangwa hutoa kitu kama hicho.

Sisemi kwamba miti haina dawa. Kolkisini, inayotumika hospitalini kutuliza jongo, asili yake ni mmea, na dondoo za mimea kadhaa zimeonekana maabara zikizuia zanthini oksidesi, kimeng'enya kinachotengeneza asidi hiyo mwilini, kilekile kinachozuiwa na alopurinoli. Hata hivyo, kufanya kazi kwenye chupa ya maabara si kumponya mtu, na hiyo kolkisini yenyewe ikizidi kipimo ni sumu.

Muuzaji alituonyesha karatasi yenye mhuri, ambayo nilipoisoma kwa utulivu niliikuta ni leseni ya biashara tu. Usajili wa dawa za asili huulizwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na madhara ya dawa huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Chupa yake, iliyokuwa ya siagi ya karanga na kubanduliwa lebo, haina jina la mmea, tarehe wala namba yoyote.

Aliyekwisha kuutumia kwa wiki kadhaa asiukatishe kimyakimya nyumbani, kwa sababu mwili uliozoea steroidi unaweza kuzidiwa vibaya ukinyimwa ghafla. Aende hospitali akiwa na chupa hiyo mkononi, na asiioshe.