Uzoefu wangu wa kusoma masta ya IT huku nafanya kazi

Nimemaliza masta ya IT baada ya miaka miwili na nusu, nimesoma jioni na wikiendi huku kazi naendelea nayo, na kwa kuwa wenzangu watatu kazini wameshaniuliza swali lile lile, je inafaa au ni kupoteza muda, nimeona niandike yote hapa mtu asome aamue mwenyewe. Kwangu imefaa sana, ila si kwa sababu nilizokuwa nazo wakati naomba nafasi. Mi nilienda nikitegemea kufundishwa teknolojia mpya mpya na hicho ndo nilichopata kidogo kuliko vyote.

Mwaka wa kwanza ni madarasa tu, databesi, netiweki, usalama wa mifumo, usimamizi wa miradi, afu somo la mbinu za utafiti ambalo karibu darasa zima tulilichukulia poa (nitalirudia hili). Kama umeshafanya kazi ya IT miaka kadhaa, vitu vingi utakuta umeshavishika kwa mikono yako, tofauti ni kwamba sasa unaelezwa kwa nini viko hivyo. Mfano databesi, nilikuwa naandika SQL (lugha ya kuuliza databesi) kila siku lakini sikujua kwamba hili wazo la kupanga data kwenye majedwali yanayohusiana alilitoa E. F. Codd wa IBM mwaka 1970, na kwamba zile kanuni za nomalaizesheni, yaani kugawa majedwali ili taarifa moja ikae sehemu moja tu, si za kukariri ujibie mtihani. Kazini tulikuwa na jedwali la oda ambalo kila oda imebeba namba ya simu ya mteja, sasa mteja akibadilisha namba unarekebisha mstari mmoja, mingine inabaki na ya zamani, watu wa huduma kwa wateja wanapiga namba ambayo haipo na lawama zinakuja kwetu. Miaka yote tulikuwa tunasema "mfumo unasumbua". Wiki ile ile tuliyofundishwa nikarudi nikaligawa, wateja jedwali lao, oda jedwali lake, na usumbufu ukaisha. Siku hiyo nilifurahi kwa kweli.

Netiweki na usalama zilifundishwa vizuri, sina la kulalamika. Ila kama unachotaka ni kukaa na ruta na swichi uziseti mwenyewe, nenda kasome CCNA, cheti cha netiweki cha kampuni ya Cisco, ni fupi na itakusaidia mapema zaidi.

Sasa tasnifu, na hapa ndo kuna masta yenyewe. Mada yangu ilikuwa kutabiri diski za seva kabla hazijafa, kwa kutumia logi za taasisi moja, yaani rekodi ambazo seva zinajiandikia zenyewe. Nikaandika propozo ya utafiti ikapita, nikapeleka barua ya kuomba data, nikasubiri miezi mitano, wakanijibu data haitoki kwa sababu za usiri. Miezi mitano jamani! Iliniuma sana kwa sababu nilikuwa nimeshaandika sura mbili nzima juu ya hizo logi. Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, nakuomba sana, usiandike propozo kabla data haijakaa kwenye laptopu yako. Mtu akikuambia njoo wiki ijayo tutaongea, hapo bado huna data, data ni faili umelifungua ukaona mistari yake.

Kilichoniokoa ni Backblaze, kampuni ya Marekani ya kuhifadhi bakapu za watu, wao wanatoa bure rekodi za diski zao kuanzia mwaka 2013. Kila diski kila siku ina mstari mmoja, namba yake, aina yake, vile vipimo vya SMART ambavyo diski inajipima yenyewe, na 0 kama ni nzima au 1 kama imekufa siku hiyo. Nikafundisha modeli yangu ya kwanza, yaani programu inayojifunza kutabiri kutoka kwenye data, kwa lugha ya Python, ikaja usahihi wa asilimia 99.99, nikamtumia msimamizi usiku ule ule nikiamini nimemaliza kazi. Akanijibu kwa swali moja, kati ya diski zilizokufa umekamata ngapi? Nikahesabu. Hakuna hata moja.

Ukikaa ukifikiria ni rahisi, kwa mwaka zinakufa kama 1 au 2 katika kila 100, ukishuka kwenye hesabu ya siku ni mstari mmoja kati ya makumi ya maelfu, kwa hiyo modeli ikisema "nzima" kila mara inapata karibu maswali yote na haimsaidii mtu yeyote. Nikarekebisha, nikapunguza mistari ya diski nzima ili zilizokufa zionekane, ikaanza kukamata nyingi mno, kumbe safari hii nilikuwa nimegawa mistari ovyo, diski ile ile mstari wa jumatatu uko kwenye mafunzo na wa jumanne uko kwenye majaribio, yaani mwanafunzi kashaonyeshwa majibu. Ikabidi nigawe kwa tarehe, nifundishe kwa miezi ya nyuma nipime kwa miezi ya mbele. Matokeo yakashuka sana lakini sasa ni ya kweli, ningeweza kusimama mbele ya mtu yeyote nikayatetea. Lile somo la mbinu za utafiti nililielewa hapo, mwaka mzima baada ya kulifanyia mtihani.

Huyo msimamizi alikuwa wa pili. Wa kwanza alikaa na sura yangu wiki saba bila neno, nikaomba kwa heshima nibadilishiwe, na ningechelewa kuomba nadhani hadi leo ningekuwa bado chuoni. Kabla hujachagua mada tafuta wanafunzi waliotangulia uwaulize, fulani akipewa sura anairudisha baada ya siku ngapi? Umaarufu wake weka pembeni kwanza. Afu tumia Zotero toka siku ya kwanza kutunza marejeo, ni ya bure, na kodi zako za programu ziweke kwenye Git, inayotunza kila toleo la kazi yako, mi niliwahi kurudi kwenye toleo la wiki tatu nyuma na ndo lililoingia kwenye tasnifu.

Kuna vyuo vinakuruhusu umalize kwa madarasa na mradi mdogo tu. Kama unahitaji cheti upande cheo, sikulaumu, chukua hiyo. Mi ningerudi tena ningechukua ya tasnifu.

Mwezi uliopita kazini tumeletewa ripoti kwamba mfumo ulikuwa hewani asilimia 99.9 ya mwaka, kila mtu akaridhika. Nikapiga hesabu pale pale, hiyo 0.1 ni karibu saa 9, nikauliza zilikuwa usiku wa manane au mchana wateja wakiwa wanatumia? Hakuna aliyejua. Sasaivi kila mfumo ukizima tunaandika saa na dakika.