Ujumuishi darasani upo, kwenye fildi (mafunzo ya vitendo kazini) mh

Nimesoma mastaz ya ustawi wa jamii hapa Marekani, chuo sikitaji, ila kwa mnaoulizaga kama ile ofisi yao ya usawa na ujumuishi ni ya kweli au ni pambo la brosha, jibu langu ni nusu nusu. Darasani wako vizuri aisee. Viwango vya 2022 vya CSWE, lile baraza linaloidhinisha kozi za ustawi wa jamii huku, vimeweka kupinga ubaguzi wa rangi, utofauti, usawa na ujumuishi kwenye zile kompetensi 9, yaani ujuzi ambao kila mwanafunzi lazima aonyeshe, kwa hiyo prof hawezi kuruka, tunajadili kesi mpaka watu wananuniana, na kwenye hizo kesi sio kila saa mtu mweusi ndo mwenye matatizo, hilo nimelipenda. Sasa njoo kwenye fildi. Masaa 900 kima cha chini na sikulipwa hata senti, yaani mwenye mtoto au anayepiga shifti za usiku anajikuta anachagua kati ya kodi na digrii, halafu semina ya usawa wanaiweka mchana kweupe watu wako kazini 😂 Maandishi kwenye video kwa wasiosikia ukiomba wanaweka fasta. Nyota 3, wakianza kulipa fildi naongeza ya 4.