Nilitibiwa mzizi wa jino badala ya kung'oa: uzoefu wangu

Gego langu la chini lilinisumbua miezi miwili. Kila niliyemwambia alijibu lile lile: lina mdudu, ling'oe. Marehemu bibi naye alituambia hivyo tangu tukiwa wadogo, na imani hiyo ni ya kale kweli. Watu wa Mesopotamia waliiandika kwenye vibao vya udongo. Pierre Fauchard wa Paris, aliyetoa kitabu kikubwa cha tiba ya meno mwaka 1728, aliwatafuta hao wadudu kwa hadubini asiwaone.

Nikaenda kliniki moja ya binafsi hapa Dar es Salaam. Daktari alinipiga eksirei, akanionyesha doa jeusi lililoshuka mpaka kwenye neva. Akasema mizizi bado imara, tuisafishe tuizibe.

Nilichoogopa ni sindano. Alinipaka jeli kwenye fizi kwanza, akasubiri, ndipo akachoma na kuisukuma dawa polepole sana. Baada ya dakika chache mdomo ukawa mzito. "Unasikia maumivu?" "Hapana, dokta." Pale kwenye kiti nilimkumbuka Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani. Mwaka 1844 alivuta gesi ya nitrasi oksaidi akang'olewa jino lake mwenyewe bila kuumia. Alipokwenda kuonyesha Boston mwaka uliofuata, mgonjwa akapiga kelele, watu wakamzomea. Alikufa 1848, bado kijana. Mimi nimekaa saa nzima huku mizizi ikikwanguliwa kwa visindano vyembamba, sikusikia chochote, na naona tuna deni kwa mtu yule.

Mwishoni alipoweka dawa ya kuziba kwa muda, harufu ya karafuu ikanijaa puani. Nikauliza. Kumbe ni yujinoli (eugenol), inayopatikana kwenye mafuta ya karafuu, imechanganywa na unga wa zinki oksaidi. Bibi alikuwa akitutilia karafuu iliyopondwa kwenye jino bovu! Kwa mdudu alikosea, kwa karafuu alijua. Nilitokwa na machozi pale pale.

Kasoro ni moja, nayo si ndogo: hawakuniambia mapema kwamba gego lililotibiwa hivi kwa kawaida huhitaji kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulifunika jino, na kofia hiyo ilinigharimu zaidi ya matibabu yenyewe. Ulizeni bei yote kabla hamjakaa kwenye kiti. Huduma yenyewe nawapa nyota nne. Kofia ina wiki ya tatu sasa, na juzi nimetafuna mahindi ya kuchoma upande ule ule.